Jibu: Tuzo na walezi kwa waandishi wa Kiswahili

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kama mwandishi asiyejua Kiingereza anaweza kupata fedha au mtu wa kumshika mkono. Anaweza, wala usijidharau.

Anza na Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Mwaka 2015 Mohammed Ghassany, mtoto wa hapo hapo Pemba, alishika nafasi ya kwanza katika ushairi. Ipo pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa hadithi fupi, shindano la Jumuiya ya Madola linapokea Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, bila ada.

Kazi kubwa ni kumpata wa kukusomea. Mimi mswada wangu wa kwanza niliutuma mbichi, mpaka leo najuta. Mpelekee mwalimu wako wa fasihi wa skuli, au ukivuka Unguja kabishe hodi BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Jamaa wa kukusifu tu hakufai; mtafute atakayekuuliza kwa nini mhusika wako kafanya alivyofanya. Na masharti yasome upya kila mwaka kabla hujatuma, maana hubadilika.