Barua kwa Mwanangu: Wenye Farasi na Wenye Jembe

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini wakulima wa hadithi unayoitunga, ambao ni wengi, wanakubali kutawaliwa na wafugaji wachache wa farasi. Mimi ningependa kwanza kujua watu hao wanakula nini, na nani hula pamoja na nani, kwa sababu mwenye fimbo hulishwa na mwenye jembe, na ukilisahau hilo utawala wao hautasimama hata kwenye karatasi.

Farasi si ng'ombe. Hacheui, kwa hiyo huhitaji malisho mapana, na jike hukamuliwa mtoto wake akiwa karibu, mara nyingi kwa siku, maziwa yakitoka kidogo kidogo. Wamongolia walipoiteka China ya kaskazini, walikuwamo wakuu waliotaka mashamba yageuzwe malisho, na mshauri Yelü Chucai ndiye aliyemwonyesha Ögedei, mtawala wao, kuwa kodi ya wakulima ingemfaa zaidi.

Nkore, ufalme wa kwetu magharibi mwa Uganda, ulikuwa na ng'ombe. Nikiwa msichana mdogo, nyanya yako alinichukua tukapeleka unga wa wimbi kwenye boma la Wahima, wafugaji wa Nkore, ambako alizoea kuubadilisha kwa samli. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa heshima, akatukalisha, akashika chombo cha maziwa, kisha akaniuliza nilikuwa nimekula nini. Nikajibu kuwa nimekula maharagwe na viazi vitamu. Akakirudisha chombo mahali pake bila neno baya, kwa kuwa waliamini kwamba maziwa yakikutana tumboni na vyakula hivyo, ng'ombe waliokamuliwa hudhurika. Chombo kile, mwanangu, kilichongwa na baba yangu mdogo! Nilikitambua kwa alama aliyozoea kuikata shingoni. Mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Shangazi yako atakuambia kuwa mwiko ule uliwafunga wao kwanza, na ni kweli, maana Mhima aliyekula maharagwe naye alinyimwa maziwa. Je, basi haikuwa dharau? Najiuliza hivyo, kisha nakumbuka kuwa mwiko uliomgusa mfugaji siku mojamoja ulituweka sisi Wairu, yaani wakulima, mbali na maziwa kila siku, kwa sababu maharagwe ndiyo yaliyokuwa chakula chetu. Tena sotoka ilipowaua ng'ombe wa Nkore mwanzoni mwa miaka ya 1890, mashamba hayakufa pamoja nao. Nasema tena, mwenye fimbo hulishwa na mwenye jembe. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, na nyingine ziliporudishwa mwaka 1993 ule wa Ankole, kama Nkore ilivyokuja kuitwa, haukutambuliwa. Unajua jinsi baba yako na mjomba wako wanavyobishana juu ya hilo kila Krismasi.

Unataka pia nikuambie kama wafugaji wako ni watu wabaya. Jibu liko kwenye ncha ya kalamu yangu, nami nalizuia kwa shida, kwa kuwa hadithi ni yako na kwa kuwa yule mama, siku ileile, alimpa nyanya yako samli iliyozidi kipimo walichopatana. Ila kabla hujaandika vita yoyote, andika ni nani anayewachongea vyombo vya maziwa ya farasi, na kama anaruhusiwa kuvinywea.

Mama yako,
Mbarara