Maswali ya Wasomaji: Kanisani Kiongozi wa Kwaya, Kazini Sijulikani

SWALI: Mimi ni mtunza stoo katika kampuni moja, na kanisani ni kiongozi wa kwaya. Kazini hakuna anayejua kwamba nimeokoka. Wenzangu wakisengenya, hucheka pamoja nao. Na mwezi uliopita msimamizi wangu alinitaka nisaini hati ya kupokea katoni 50 ilhali zilizoshushwa zilikuwa 46, nami nikasaini. Naogopa kwamba nikijitangaza nitaitwa mlokole na kutengwa. Hata hivyo, Luka 9:26 inanisumbua, kwa kuwa Bwana anasema atakayemwonea haya, naye atamwonea haya. Je, ni lazima niitangaze imani yangu mbele ya watu wote?

JIBU: Dada yetu mpendwa, umeuliza juu ya kutangaza, lakini kwa maoni yangu jambo zito zaidi katika barua yako ni zile katoni 4. Sahihi yako ilishuhudia kitu ambacho hukukipokea, na hilo lingekuwa kosa hata kama hujawahi kutia mguu kanisani. Hati ya namna hiyo ikiletwa tena, hesabu mzigo mbele ya aliyeuleta, andika idadi uliyoihesabu, kisha mwambie msimamizi wako kwa adabu kwamba unasaini 46 kwa sababu ndizo zilizoshushwa. Huna haja ya kumsomea mstari wowote. Akikuuliza kwa nini umebadilika, hapo ndipo umjibu bila kuzungukazunguka kwamba wewe ni Mkristo na huwezi kushuhudia usichokiona. Ndivyo 1 Petro 3:15 inavyotuagiza, tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, “lakini kwa upole na kwa hofu”. Na ni dhahiri kwamba mtume anatarajia mwenendo wetu uwe na kitu cha kumfanya mtu aulize. Hati uliyokwisha kuisaini nayo isiachwe ilivyo. Omba irekebishwe, ukijua kwamba ombi hilo huenda likakuletea matatizo, pengine makubwa, wala sitakudanganya kwamba kila anayesema kweli hupongezwa.

Mtazame Danieli, ambaye watu hupenda kumkumbuka kwa tundu la simba tu. Sura ya 6 inasema kwamba wapinzani wake walichunguza kwanza kazi yake ya utawala na wasione kosa wala hatia, ndipo wakakubaliana kwamba hawatapata sababu ya kumshtaki isipokuwa katika mambo ya sheria ya Mungu wake. Maana yake ni kwamba walijua vizuri anamwabudu nani, na walijua pia kwamba kazi yake ni safi. Amri ya mfalme ya kukataza watu kumwomba yeyote isipokuwa mfalme ilipotiwa sahihi, hakuanzisha ibada mpya ili aonekane shujaa, bali aliingia nyumbani mwake, ambamo madirisha yalifunguliwa kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara 3 kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Uwazi wake ulikuwa mazoea, nami nadhani ndiyo sababu haukuyumba siku ya hatari.

Kuhusu kucheka na wanaosengenya, soma Wagalatia 2:11-14. Kule Antiokia, Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, lakini walipofika Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, alijitenga kwa kuwaogopa, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo hakumlaumu kwa kukosa kuhubiri. Alimlaumu kwa sababu mwenendo wake ulibadilika kulingana na waliokuwa wakimtazama. Kwa hiyo, usianze kesho kwa kubandika mistari ya Biblia ukutani, kwa maana waliokusikia jana ukimcheka mwenzao wataona ni maigizo. Anza kwa kunyamaza maneno yanapogeuka kuwa masengenyo, au useme jambo jema unalolijua juu ya anayesemwa. Na wakikuuliza Jumatatu ulikuwa wapi jana, sema ulikuwa kanisani ukiimba. Kulificha jambo la kawaida kama hilo kumekuchosha kuliko unavyodhani.

Ukiogopa kwamba kuonekana ni kujionyesha, kumbuka kwamba Bwana aliyesema nuru yetu iangaze mbele ya watu (Mathayo 5:16) ndiye aliyetuonya tusifanye wema wetu ili tutazamwe (6:1). Katika ule mstari wa kwanza anayetukuzwa ni Baba. Katika wa pili, mtu anajitafutia sifa mwenyewe.

SWALI: Ninapokula na watu wasio Wakristo, je, nisali kwa sauti?

JIBU: Si lazima, wala si vibaya. Katika Matendo 27 Paulo alitwaa mkate na kumshukuru Mungu mbele ya wote katika merikebu yenye watu 276, lakini wakati huo walikuwa wamekwisha kuona kwamba aliyoyasema yalikuwa ya kweli, na shukrani ile iliwatia moyo wote wakala. Kama wewe ndiwe mwenyeji, waombe wageni ruhusa, usali kwa kifupi. Kama u mgeni wao, inamisha kichwa, shukuru kimyakimya, kisha ule pamoja nao; atakayetaka kujua ulikuwa ukifanya nini atakuuliza, nawe mwambie.