Melisa Haifi kwa Mkosi, Inakufa kwa Maji ya Kisima

Msomaji wa Likoni ameniletea picha ya ndoo yenye vijiti vitatu vikavu. Anauliza nani kaifanyia husuda melisa yake, yaani ule mmea wa majani ya chai yenye harufu ya limau (kwa Kiingereza lemon balm). Ukiikuza picha utaona majani yaliyobaki yameungua pembeni, na juu ya udongo pana ukoko mweupe. Dada yangu, hiyo ni chumvi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na kila ukimwagilia, maji yanakauka, chumvi inabaki. Melisa inataka maji matamu: ya mvua, au mtungi wa kununua.

Usiichukulie kama mrehani kwa kuwa ni ukoo mmoja. Asili yake ni pande za Mediterania, na joto la kaskazi linaitesa. Anza Julai, kusi inapovuma na jua limepoa. Iweke mahali panapopata jua la asubuhi hadi saa nne hivi, kisha kivuli cha ukuta au makuti. Ukianza Februari utazika miche tu.

Mbegu zake ni ndogo mno na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo hazifukiwi. Zinabanwa tu juu ya udongo mbichi. Zinachukua wiki mbili hadi tatu, na wengi hukata tamaa siku ya kumi. Kipandikizi ni rahisi zaidi. Kata tawi lisilo na maua, sentimita 10, chini kidogo ya kifundo. Ng'oa majani ya chini, ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Udongo: sehemu mbili za udongo wa shamba, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yaloweke kwanza kwenye maji matamu, umwage, urudie, maana huja na chumvi yake. Ndoo ya lita 10 yenye matundu matano inatosha. Maji ni pale kidole kikizama sentimita mbili kikakuta pakavu. Majani yakinyauka na udongo umelowa, usiongeze maji: mizizi inaoza. Utando mweupe kama unga ni ubwiri, unaoletwa na msongamano. Punguza matawi, hewa ipite.

Vuna kabla ya maua, asubuhi umande ukishakauka, ubakize shina la sentimita tano lichipue tena. Kukausha ndiko kunakowashinda watu wa Pwani, kwa unyevu wa hewa yetu. Tandaza majani tabaka moja kwenye ungo, kivulini, feni ikipuliza. Ukirundika yanageuka meusi na kuvunda. Yakivunjika kwa sauti yamekuwa tayari. Tia kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na mwanga. Lakini harufu nyingi hupotea katika kukausha, kwa hiyo mwenye ndoo mlangoni na atumie mabichi.

Na jamani, haichemshwi kama chai ya maziwa! Gramu 1.5 hadi 4.5 za majani makavu kwa kikombe, au konzi ya mabichi. Mimina maji ya moto, funika kwa kisahani dakika kumi. Mafuta yenye harufu ni kidogo mno na huondoka na mvuke. Kinywaji hiki hutumika kwa usingizi unaosumbuliwa na wasiwasi, na kwa tumbo la gesi. Kama shida yako ni ladha ya limau tu, mchaichai unayo tele na hauna madeko.

Anayemeza dawa za usingizi au za tezi ya shingo amuulize daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu ya kikombe cha majani.

Mwezi wa Novemba kata vipandikizi vipya vitatu na uviweke ndani, karibu na dirisha. Mche mama huenda usiivuke kaskazi.