Fundi anauliza: nyumba za Washaker, milango miwili ya nini?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni seremala, kuna mteja kanitumia picha anataka makabati ya jikoni ya Shaker, nikaingia mtandaoni nikakuta kumbe ni watu wa dini huko Marekani, na nyumba zao zina milango miwili mbele, ndani ngazi mbili, na ukutani vigingi vya mbao chumba kizima. Ni urembo tu au vina maana? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ahsante sana fundi, swali zuri hili. Urembo hapana kabisa, sheria zao za mwaka 1845 zilikataza hata nakshi za pembeni kama ni za kupendezesha tu. Hawa walitokea Uingereza, kiongozi wao Mama Ann Lee akavuka na wafuasi wachache mpaka New York mwaka 1774. Hawaoi wala hawaolewi, lakini wanaume na wanawake wanakaa nyumba moja kama kaka na dada, sasa ndo hapo milango inapokuwa miwili, akina kaka huku akina dada kule, na ngazi hivyohivyo. Tafuta picha za ngazi za Pleasant Hill, kijiji chao kule Kentucky, kazi ya fundi wao Micajah Burnett, ziko mbili zinapanda zikijizungusha kila moja upande wake mpaka juu, mimi sijaona kazi ya mbao inayoizidi ile.

Ibada yao ilikuwa ya kucheza, kwa hiyo ukumbi hauna nguzo hata moja katikati, mzigo wote umebebwa na kenchi.

Vigingi navyo vina kazi. Ni ubao mwembamba umezunguka kuta zote juu ya kichwa, wanatundika kofia, makoti, mpaka viti, unakigeuza kiti miguu juu unakining'iniza halafu unafagia sakafu yote bila kuzunguka kitu. Na droo wakazijenga ndani ya ukuta, nyumba ya matofali ya Hancock, Massachusetts, ya mwaka 1830 inazo 369! Hapohapo Hancock kuna zizi la mawe la duara la mwaka 1826, mkokoteni ulikuwa unaingia kwa juu unamwaga majani katikati, ng'ombe wamesimama kuzunguka vichwa vimeelekea ndani, mtu mmoja alilisha wote, samadi ikishuka chini.

Washaker wenyewe wamebaki wachache mno, wako Sabbathday Lake, Maine.

Sasa kazi ya mteja wako: mlango ni fremu ya vipande vinne, miimo miwili na vya kukatiza viwili, katikati ubao bapa, kona ziunge kwa ulimi na tundu, usiweke urembo wowote. Na ule ubao wa katikati kama ni mbao halisi usiutie gundi, uache ucheze kwenye mfereji wake, maana ukiugandisha masika utavimba na fremu itapasuka.