Mwanangu hatulii: ni utundu au ADHD?

SWALI: Shikamoo, daktari. Mwanangu wa miaka 8 akipewa hesabu kumi huishia ya tatu, penseli zake hupotea kila wiki, na mwalimu analalamika kwamba hakai kitini. Baba yake naye husahau funguo na miadi tangu utotoni. Je, kuna kipimo cha damu?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD, yaani hali inayomfanya mtu ashindwe kuwa makini, kutulia au kujizuia. Utambuzi hutokana na historia iliyochukuliwa kwa makini. Kwa DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya afya ya akili, uliotolewa mwaka 2013, mtoto anapaswa kuwa na angalau dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka, kwa miezi 6 au zaidi, nyumbani na shuleni pia, huku zikivuruga maisha yake, na baadhi ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12.

Nenda hospitali na madaftari yake pamoja na maelezo ya mwalimu kwa maandishi. Hesabu zile zilizoishia ya tatu zitamweleza daktari mengi. Apimwe pia masikio na macho, kwani mtoto asiyesikia vizuri hudhaniwa mzembe, na inaniuma sana ninaposikia kwamba amechapwa kwa sababu hiyo. Wasichana wengi hawatambuliwi mapema, kwa kuwa hukaa kimya huku mawazo yao yakiwa mbali.

Kwa mumeo, kama kwa yeyote mwenye miaka 17 na zaidi, dalili 5 zinatosha, ila aje na ndugu anayeukumbuka utoto wake.