Mhesabie Mtoto Pumzi kwa Dakika Nzima

Miaka yote niliyofanya utafiti wa epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, kuhusu magonjwa ya njia ya hewa kwa watoto, hakuna kifaa nilichokitumia sana kama saa yenye mshale wa sekunde. Ndicho ningependa kila mlezi awe nacho karibu mtoto anapokohoa, maana mtoto anayekohoa na kupumua haraka huenda ana nimonia, yaani maambukizi ya mapafu.

Mwanzoni nilikosea. Nilikuwa nahesabu nusu dakika, nazidisha kwa mbili, naandika. Siku moja nikampimia kichanga wa wiki sita nikapata 64. Mwenzangu akahesabu dakika nzima, akapata 54. Kichanga hapumui kwa mwendo mmoja: huharakisha, hutulia, pengine hukata kidogo, kisha huanza tena. Mimi nilimkuta anaharakisha. Tulizifuta rekodi zangu za siku ile na kurudi nyumba kwa nyumba kupima upya. Iliniuma, maana namba ile ndiyo inayoamua nani apewe dawa na nani aangaliwe tu.

Basi fanya hivi. Subiri mtoto atulie. Akilia au akinyonya, hesabu haifai. Akilala ni vizuri zaidi. Pandisha nguo mpaka uone tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40. Kwa kichanga, ukipata 60 au zaidi, rudia kuhesabu.

Vipimo hivi vilitokana na utafiti wa miaka ya 1980, ukiwemo uliofanyika Papua Guinea Mpya, ambako watoto wengi waliugua nimonia mbali na mashine ya eksirei. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Wengi wangepona kwa dawa ya kawaida kama wangewahiwa.

Lakini msikimbilie antibayotiki kwa kila kikohozi. Mafua mengi huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Chanjo za nimokoka na Hib, bakteria wawili wanaoleta nimonia, zikamilisheni kwa wakati wake.

Jambo jingine la kutazama nguo ikiwa juu ni sehemu ya chini ya mbavu. Mtoto akivuta hewa na pale pakabonyea ndani, mpeleke kituo cha afya hata kama hesabu ni ya kawaida. Vilevile akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa vigumu kumwamsha: hapo acha kuhesabu, ondokeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ikiwa ulishahesabu, andika namba na saa kwenye karatasi umpe mhudumu.