Doa la unyayoni nililodhani ni sugu

Mimi ni fundi nguo hapa Moshi, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Doa jeusi lilipotokea karibu na kisigino cha mguu wa kulia, dogo kama punje ya choroko, sikujiuliza mara mbili: pedali hiyo, ni sugu tu. Nikaendelea kushona sare za shule, maana ilikuwa Januari.

Kijana wa duka la dawa aliniuzia dawa ya maji ya kuchoma chunjua. Nilipaka wiki tatu. Ngozi ikababuka, weusi ukabaki pale pale, kisha ukaanza kutanuka, kingo zimepinda kama ramani. Jirani akasema ni mwiba umeozea ndani, nipasue kwa wembe. Nikapasua. Tangu siku hiyo pakawa panatoa damu kila nikivaa viatu. Kwenye zahanati moja nilifungwa bandeji na kupewa antibayotiki mara tatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kabla ya kidonda palikuwa na nini. Nami sikusema. Wewe sema: "Hapa palikuwa na doa jeusi, likakua." Sentensi hiyo ingeniokolea miezi.

Mwezi wa nane wifi yangu, ambaye ni muuguzi, aliuona mguu nikiwa nimejinyoosha mkekani. "Wifi, hii kesho tunaenda nayo hospitali ya KCMC." Hakubishana, alinipitia asubuhi.

Daktari wa ngozi alinishangaza kwa kuanza na kinena, akibonyeza taratibu kutafuta mtoki. Alishuku melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, na ile ya mguuni hupenda kupandia kwenye tezi za kinena. Kisha akauangalia unyayo kwa kilenzi chenye taa, akasema lazima akate kinyama kipelekwe maabara. Nikamwambia nimesikia kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Akatabasamu: "Mama, na ule wembe ulikuwa nini?"

Basi kama kuna jambo moja nakuomba, ni hilo la kinyama. Kidonda cha unyayoni kisichopona kwa miezi miwili, hasa kama pana weusi, kisitibiwe kwa kukisia. Wala usikubali mtu akikate halafu akitupe kwenye ndoo. Kiende maabara, na majibu yakija uombe nakala yako. Yangu ninayo kwenye droo ya vifungo. Kama ni saratani, uliza kina chake ni milimita ngapi, uso wake umechimbika au la, na baada ya upasuaji uliza kama kingo za kilichokatwa zimetoka safi, bila saratani. Matibabu karibu yote yanafuata majibu hayo.

Yangu yalisema ni melanoma, kina milimita 2.3. Daktari alichora nyuma ya karatasi: chenye kina kisichozidi milimita 1, hukatwa pamoja na sentimita 1 ya ngozi isiyougua kuzunguka doa; kikizidi 2, hukatwa pamoja na sentimita 2. Hapo nilimwelewa bila shida. Fundi yeyote anajua nafasi ya mshono. Tezi zilipimwa kwa ultrasaundi, kifua kikapigwa picha, vyote vikawa safi. Wakanikata, wakachuna ngozi ya paja wakabandika kisiginoni. Niseme ukweli, paja liliuma kuliko mguu. Wiki kadhaa nilitembelea magongo bila kukanyaga.

Watu waliniletea pole pamoja na mafuta ya kujikinga na jua. Yanawafaa sana ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi kweli, ingawa kwa kawaida siyo aina hii yangu. Unyayo wangu haujawahi kuota jua. Melanoma ni nadra kwa sisi weusi, lakini ikija huchagua unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mwaka 1977 alishauriwa kikatwe, akakataa, akaondolewa ukucha na nyama ya chini yake. Tarehe 11 Mei 1981 akafariki, akiwa na miaka 36. Nikisikia redio ikimpiga sasa, naangalia miguu ya wateja.

Melanoma ikishasambaa, kisu peke yake hakitoshi, na dripu za kemo za kawaida huisaidia kidogo tu. Dawa zilizobadilisha mambo ni zile zinazoamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu na pembrolizumabu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini bei yake bado ni ya kuuza shamba. Ukiandikiwa, kaa na daktari na watu wa bima mapema, kabla ya kuanza kuchangisha ukoo. Ulizia pia kama kuna utafiti wa tiba unaopokea wagonjwa.

Siku hizi nakanyagia mguu wa kushoto. Gauni la kwanza lilikwenda upogo, mteja akaniambia ni mtindo mpya. Jumapili najikagua nyayo kwa kioo cha mkono, na katikati ya vidole. Keshokutwa nina miadi ya miezi mitatu, ya kubonyezwa kinena tena, na leo nimefuta rangi ya kucha zote kumi ili daktari aone kilichoko chini.